Msimu wa 11 wa Supernatural: tamthilia iliyopona iliporudi garini

Sehemu ya nne ya msimu wa 11 wa Supernatural inaanza kwa maji na sabuni. Ndugu wawili, Sam na Dean Winchester, wanaosha gari lao, Chevrolet Impala nyeusi ya mwaka 1967, nasi tunawatazama tukiwa ndani yake. Hatushuki tena. Wao wakiteremka kwenda kupambana na zimwi, sisi tunabaki kwenye kiti. Tunasikia mlango ukibamizwa, tunaona vivuli kupitia kioo, tunasubiri. Anayerudi na damu usoni hatujui imetoka wapi mpaka aseme mwenyewe.

Sehemu hiyo inaitwa "Baby", jina la mahaba ambalo Dean huliita gari lake, na ilirushwa Marekani tarehe 28 Oktoba 2015. Nimeirudia mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya tamthilia hii, na kila nikiirudia nazidi kuamini kwamba tamthilia ya mizuka na mashetani ikishazeeka haiponi kwa kutafutiwa adui mkubwa zaidi. Hupona ikirudi kwa watu wake. Msimu wa 11 una sehemu 23, na ubora wake unapanda au kushuka kadiri unavyolikaribia gari lile au kulipa kisogo. Nitaeleza mambo mpaka mwisho wa msimu, na mpaka mwisho wa tamthilia yenyewe. Asiyependa kuvujishiwa aanze kutazama kwanza.

Ili mtu aelewe uzito wa jambo hili, akumbuke tamthilia ilikotoka. Eric Kripke aliianzisha mwaka 2005 akiwa na hadithi ya misimu mitano kichwani. Mama yao ndugu hawa aliuawa na pepo usiku wa tarehe 2 Novemba 1983 huko Lawrence, Kansas. Baba akawalea barabarani, wakilala kwenye nyumba za wageni na kuwinda kilichomuua mkewe. Hadithi ile ilikamilika tarehe 13 Mei 2010, pale Sam, akiwa amepagawa na Lusifa, alipojirusha pamoja naye ndani ya Kizimba kilicho chini ya ardhi. Na kilichompa nguvu ya kumshinda Ibilisi kwa dakika ile moja kilikuwa nini? Askari mdogo wa plastiki aliyemchomeka kwenye kisahani cha majivu cha Impala alipokuwa mtoto. Alimwona, akakumbuka maisha yake na kaka yake, mkono ukarudi kuwa wake.

Huo ulikuwa mwisho kamili. Lakini watazamaji walikuwepo, kituo cha The CW kilitaka kuendelea, na Kripke akakabidhi usukani. Hapo likazaliwa tatizo ambalo limeua tamthilia nyingi za namna hii: ukishampiga Ibilisi, utampiga nani? Misimu iliyofuata ilikuwa ngazi ya kupanda tu. Wakaja viumbe wa kale kuliko malaika, malaika wakaanguka kutoka mbinguni kama mvua ya vimondo, Dean akatiwa alama ya Kaini. Mwishoni mwa msimu wa 10 Dean akamuua Mauti mwenyewe, yule mzee mwembamba aliyependa vyakula vya mitaani. Na alama ile ilipofutwa, akafunguliwa yule ambaye alama hiyo ilikuwa imemfungia: Giza, dada yake Mungu, aliyekuwepo kabla ya uumbaji. Anaitwa Amara.

Nilipoona ngazi imefika hapo, niliogopa kwa ajili ya tamthilia hii. Sehemu mbili za mwanzo ni nzuri kwa vitisho, na mji mdogo uliojaa watu wenye mishipa meusi shingoni wanaogeuka wakali kama mbwa wenye kichaa umetengenezwa kwa ustadi. Lakini Amara anapozaliwa kama mtoto mchanga, akala roho za watu na kukua kutoka sehemu moja hadi nyingine, unaanza kuhisi waandishi wanavuta muda. Emily Swallow, anayemwigiza akiwa mtu mzima, ana utulivu wa kutisha. Husema polepole na hapepesi macho. Kosa liko kwenye maandishi. Tunaambiwa kati yake na Dean kuna mvuto asioweza kuupinga. Tunaambiwa tena, na tena. Mvuto huo unatoka wapi, na unamgharimu Dean nini akiwa peke yake usiku, hatuonyeshwi vya kutosha. Kuna tofauti kati ya fumbo na pengo, na hapa nimeona pengo.

Hata hivyo, sehemu ya pili ina uamuzi mmoja wa kimyakimya ambao naamini ulibeba msimu mzima. Hospitalini Sam anakutana na Billie, mtoa roho, ambaye anamwambia kuwa mchezo wa kufa na kufufuka umekwisha. Winchester atakayekufa tena hatapelekwa mbinguni wala motoni; atatupwa katika Utupu, ambako hakuna anayerudi. Lisa Berry anayasema hayo bila kupaza sauti, kama karani anayekusomea sharti la mkataba.

Ndugu hawa walikuwa wamekwisha kufa mara nyingi mno, kiasi kwamba mtazamaji alikuwa haombolezi tena. Alikuwa anahesabu sehemu ngapi zimebaki kabla hawajarudi. Tamthilia inayoishi kwa hofu ya kifo ilikuwa imekiuza kifo kwa bei ya jioni. Billie alikipandisha bei upya.

Matunda yake yanaonekana katika sehemu ya 17, "Red Meat". Ndani ya kibanda msituni Sam anapigwa risasi ya tumbo. Wapo na mke na mume waliowaokoa kutoka kwa watu wanaogeuka mbwamwitu, na hao mbwamwitu wengine wanakuja. Mume, Corbin, anaona kwamba wakimsubiri majeruhi watakufa wote. Dean akiwa nje, anamziba Sam pumzi kwa mkono wake. Dean anarudi, anamkuta mdogo wake hana pumzi, anaaga na kuondoka na wale wawili kwa sababu bado kuna watu wa kuokoa. Baadaye, hospitalini, anameza vidonge makusudi ili afe kidogo, amwone Billie na kumwomba abadilishane roho yake na ya Sam. Billie anakataa. Na Sam hakufa: anazinduka sakafuni, risasi tumboni, anaanza kutembea gizani peke yake.

Katika sehemu ile nzima malaika hawana nafasi, Mungu hatajwi kwa lolote la maana, wala dunia haiko hatarini. Kitisho kikubwa kuliko vyote ni mkono wa mume anayetaka mkewe afike nyumbani. Corbin ameumwa na baadaye anageuka mbwamwitu, lakini alipofanya lile tendo alikuwa bado mtu, na alikuwa na sababu ambayo ningeielewa kama ningekuwa mahali pake. Hapo ndipo nilipoona tamthilia imekumbuka kazi yake.

Sisi tuliokulia pwani hili halitushangazi. Jini wa hadithi za bibi zetu hakuwa wa mbinguni wala wa ulimwengu mzima. Alikuwa wa mbuyu fulani, wa kisima fulani, wa njia panda unayoipita ukienda dukani. Mwaka 1995 popobawa alipozua taharuki Pemba, kisha Unguja, watu walitoka vyumbani wakalala nje kwa makundi, kwa sababu hofu yenyewe ilikuwa ya kitandani, ya ndani ya nyumba. Mwambie mtu kwamba jua litazimika, atakusikiliza kwa adabu. Mwambie kuna mtu amesimama nyuma ya pazia la chumba chake, hatalala.

Narudi kwenye "Baby". Kisa chenyewe ni kidogo: katika mji mmoja wa Oregon kuna zimwi la asili ya Kijerumani, la jamii inayouawa kwa kutiwa sarafu ya shaba mdomoni na kukatwa kichwa. Kichwa kimoja kinawekwa ndani ya kasha la barafu la vinywaji, na kinaendelea kuongea. Kijana mwegesha magari analichukua gari bila ruhusa akazunguke nalo mjini na mwenzake, nasi tunakwenda nao kwa kuwa hatuna pa kwenda. Yote hayo yanafurahisha. Lakini kiini cha sehemu ni mazungumzo ya njiani, saa za usiku, redio imeshushwa. Sam anamwambia kaka yake kwamba amekuwa akisali na kwamba anapata maono. Anadhani ni Mungu. Dean hamwamini, wala hamkejeli. Macho yake yako barabarani.

Nina kaka mmoja. Tulikuwa tunakwenda Moshi kutoka Tanga kwa gari la kuazima kwenye msiba wa mjomba, na mahali fulani tulipokwisha kuipita Korogwe akaniambia jambo kuhusu maisha yake alilokuwa amelificha kwa miaka sita. Hakulisema mezani, hakulisema barazani, ingawa tulikuwa tumekaa pamoja mara nyingi. Alilisema pale kwa sababu sote wawili tulikuwa tunatazama mbele. Ndani ya gari huhitaji kukutana macho na mtu unayemkiri. Mwandishi wa "Baby", Robbie Thompson, na mwongozaji Thomas J. Wright wanalijua jambo hili, na ndiyo maana uamuzi wao wa kutotoka garini si ufundi wa kujionyesha. Familia ya Winchester haijawahi kuwa na sebule. Sebule yao ni hiyo.

Usiku huohuo Sam akiwa amelala kwenye kiti cha mbele, anaota baba yake akiwa kijana, amekaa kwenye usukani. Anamwambia kwamba Mungu huwasaidia wanaojisaidia. Inaonekana kama faraja. Sehemu kadhaa baadaye tunajua kwamba maono yale yalikuwa ya Lusifa, anayemvuta Sam arudi Kizimbani. Naona huu ndio uovu mkubwa kuliko wote wa msimu huu, kuliko roho zote alizokula Amara: Ibilisi alivaa sura ya baba na kuketi kwenye kiti chake ndani ya gari la nyumbani.

Jina la Robbie Thompson lishikwe, kwa sababu si bahati kwamba linajirudia. Aliandika pia sehemu ya 16, "Safe House", ambamo nyumba moja inaingiwa mara mbili: sasa na Sam na Dean, na miaka mingi nyuma na Bobby na Rufus, wawindaji wazee ambao wote wawili tulikwisha kuwazika. Jim Beaver anarudi kama Bobby, mzee aliyewalea ndugu hawa kuliko baba yao. Kuna dakika ambapo nyakati mbili zinagusana na Bobby na Dean wanaonana, kwa kitambo kifupi mno. Hakuna anayesema neno. Mtu aliyewahi kumwota marehemu wake anajua kitambo kile kina urefu gani. Aliandika na ya 11, "Into the Mystic", iliyotuletea Eileen, mwindaji kiziwi anayeigizwa na Shoshannah Stern, ambaye ni kiziwi kweli. Anapowindwa na kiumbe kinachoua kwa sauti, uziwi wake haufanywi kitu cha kuhurumiwa. Ya nane si yake, ni ile ya rafiki wa kufikirika wa utotoni mwa Sam, na nayo ni nzuri kuliko maelezo yake yanavyoahidi.

Kisha kuna upande wa pili, ambao nitaupita haraka kama msimu wenyewe ulivyopaswa kufanya. Kugombea kiti cha enzi cha kuzimu, Crowley, mfalme wa kuzimu, kumkosa na kumpata mama yake mchawi, Rowena, na msako wa vifaa viitwavyo Mikono ya Mungu: vyote hivi ni watu kuingia vyumbani, kutishana na kutoka. Mark Sheppard na Ruth Connell ni waigizaji wenye mvuto, lakini mvuto haujazi sehemu tano. Ile safari ya nyambizi ya mwaka 1943, sehemu ya 14, ndiyo pekee katika kundi hili iliyonishika, kwa sababu Dean, aliyerudishwa nyuma mpaka mwaka ule, anafungiwa ndani ya chombo chembamba na watu anaojua watakufa, na hawezi kuwaokoa.

Lipo jambo moja hapa linaloniuma. Katika sehemu ya 10, malaika Castiel anamkubali Lusifa aingie mwilini mwake. Hakulazimishwa. Alikuwa amechoka kuwa mtu asiyefaa, akadhani walau mwili wake utafaa. Misha Collins anabadilika papo hapo: mabega, mwendo, namna ya kutabasamu, na kuanzia hapo anaigiza watu wawili kwa uso mmoja kwa ustadi ambao haukusifiwa vya kutosha. Lakini huzuni iliyomfikisha pale haijadiliwi. Rafiki yao wa miaka saba amejitoa kama anayetupa nguo kuukuu, na mazungumzo yanayofuata ni ya mbinu: tutamtoaje, tutamtumiaje. Nilisubiri Dean aulize kwa nini. Msimu ulikuwa na sehemu 23 na haukupata dakika tano kwa ajili hiyo.

Sasa nifike penye uzito. Sehemu ya 20, "Don't Call Me Shurley", iliyorushwa tarehe 4 Mei 2016, inamleta Mungu. Chuck, yule mwandishi mlevi wa vitabu vya bei nafuu tuliyemjua tangu msimu wa nne, ndiye Mungu wa ulimwengu huu wa kubuni. Nimelelewa madrasani, na kwangu Mungu hapewi sura, achilia mbali sura ya mwanamume mwenye ndevu na shati lililokunjika. Mara ya kwanza niliizima nikatoka nje. Nawaelewa kabisa wanaoishia hapo, wa dini yangu na wa dini nyingine, na sitawaambia wamekosea.

Nilirudi wiki moja baadaye kwa sababu ya kaka yangu, aliyeniambia kwamba yule pale si Mungu tunayemsujudia, ni baba aliyeikimbia nyumba yake. Nikaitazama hivyo, na nikaona sehemu iliyoandikwa kwa ujasiri. Karibu nusu yake ni watu wawili ndani ya baa tupu. Chuck ameandika maisha yake na anamtaka Metatron, aliyekuwa karani wake mbinguni na sasa anaokota chakula majalalani, amsomee na kumrekebishia. Metatron anaanza kwa furaha ya mtumishi aliyekumbukwa. Kadiri anavyosoma ndivyo furaha inavyogeuka hasira, maana kitabu kimejaa mapambo na hakina jibu. Kwa nini uliondoka? Na yule malaika mwongo, msaliti, muuaji, ndiye anayesimama kuwatetea wanadamu: wana kasoro, ndiyo, lakini hawaachi kujaribu, wakati wewe umeketi hapa. Curtis Armstrong anayasema hayo akitokwa machozi, na Rob Benedict anasikiliza kwa uso ambao polepole unaacha kuwa wa mzaha.

Upande wa pili, katika mji mdogo wa Idaho, ukungu wa Amara unawatia watu wazimu. Sam ameshaathirika. Dean anabaki naye. Ghafla kitu kinawaka mfukoni mwa Sam: ile hirizi aliyompa kaka yake Krismasi ya utotoni, ambayo Dean aliitupa kwenye pipa la taka msimu wa tano, na ambayo tuliambiwa zamani kwamba huwaka Mungu akiwa karibu. Sam aliiokota na kuitunza miaka yote bila kusema. Ukungu unaondoka, waliokufa wanaamka, na Chuck amesimama katikati ya barabara. Watu huisimulia sehemu hii kama siku Mungu alipojitokeza. Mimi naisimulia kama siku tuliyogundua mdogo mtu aliokota nini jalalani.

Sehemu tatu za mwisho zinageuka kikao cha ukoo. Mungu anahamia kwenye handaki wanamoishi ndugu hawa, anavaa kanzu ya Dean ya kuogea, naye Dean anamuuliza kwa machozi alikuwa wapi watu walipomlilia. Chuck anamwonya asimchanganye na baba yake mzazi. Jibu lile ni kali, na ni kweli kwamba Dean alikuwa akizungumza na baba wawili kwa pamoja. Lusifa naye anajifungia chumbani na kugoma kuongea na baba yake mpaka aombwe radhi, na Sam na Dean wanakaa katikati kama wazee wa usuluhishi. Wengi walilalamika kwamba vita vya ulimwengu vimefanywa ugomvi wa nyumbani. Mimi nasema vilikuwa hivyo tangu mwanzo. Mungu alimfungia dada yake. Baba alimfungia mwana. Sam na Dean, waliowahi kufungiana milango na kudanganyana ili kuokoana, ndio pekee wanaojua namna ya kuufungua mlango wa aina hiyo.

Na hivyo sehemu ya mwisho, tarehe 25 Mei 2016, jua likiwa linazimika, Dean anakwenda kwa Amara akiwa amejazwa roho mwilini kama bomu, na hailipui. Anaongea naye. Anamwambia kuhusu ndugu. Ndugu wawili wa mbinguni wanashikana mikono na kuondoka. Niliona waliochukia kwamba haikupigwa hata ngumi. Lakini misimu kumi na moja ya ngumi ilikuwa imetufikisha wapi? Zawadi ya Amara kwa Dean inamngojea msituni usiku: mwanamke mwenye gauni jeupe la kulalia, mama yake, aliyekufa mwaka 1983.

Jeremy Carver, aliyeiongoza tamthilia tangu msimu wa nane, aliondoka baada ya hapo, na Thompson pia. Waliobaki wakarudi kwenye ngazi, na mwishowe wakamfanya Chuck mwenyewe kuwa adui mkuu. Ilifika sehemu 327, ikaishia tarehe 19 Novemba 2020. Dean, mtu aliyemzidi Ibilisi, Mauti na Mungu, alikufa ghalani katika uwindaji wa kawaida, akiwa amechomwa mgongoni na nondo iliyochomoza kwenye nguzo. Mtandaoni watu walikasirika kwa wiki nzima. Mimi nilikumbuka Billie na onyo lake, na mkono wa Corbin kibandani, nikaona kwamba nondo ile ilikuwa ya tamthilia ninayoipenda. Miaka inapita, Sam anazeeka, ana mvi na miwani. Anakwenda banda la gari, anaivua Impala turubai lake, anafungua mlango. Miaka mingi alikuwa kwenye kiti cha abiria. Safari hii anaketi nyuma ya usukani, anaushika kwa mikono miwili, na gari haliendi popote.